Dakika Mbili za Dada Yangu

Mimi kukaa kitako siwezi. Hata sasa ninapoandika haya nimeshainuka mara tatu: mara birika, mara dirisha, mara simu. Nilipokuwa mwalimu wa Kiswahili kule Dodoma, wanafunzi walikuwa wakilalamika kwamba somo langu linawaumiza shingo, maana sauti ilikuwa inatokea pembe hii, wakigeuka niko pembe ile. Hapa Marekani nimekuwa mbeba maboksi kama wenzangu, ingawa maboksi yangu mimi ni wazee. Nawaogesha, nawavisha, nawalisha uji, huko Fairfax, mabasi mawili na treni kutoka ninapoishi. Angalau miguu yangu imepata kazi inayoiridhisha.

Naishi Langley Park na dada yangu, aliyenitangulia kwa miaka kumi na mmoja. Ndiye aliyenilea mama alipofariki, ndiye aliyenileta huku, na mpaka leo akinitazama kwa upande wa jicho nanyamaza. Figo zake zimekufa. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa asubuhi anakwenda kusafishwa damu kwenye mashine, na saa hizo mimi niko kazini. Anakwenda peke yake na mkongojo wake, kwa basi linalosimama mbele kabisa ya majengo yetu. Siku moja nilimwambia tuombe lile gari la kubeba wagonjwa liwe linamfuata mlangoni. Akanijibu, “Nikishapanda gari la wagonjwa, nimeshakuwa mgonjwa.” Nikamwambia, dada, mgonjwa ni wewe, figo zimekufa! Akaendelea kukunja nguo.

Mbele yetu wanajenga reli. Wanachimba, wanafukia, kisha wanachimba palepale walipofukia jana. Mwaka jana walikifunga kituo chetu kwa wiki moja tu, watu wakaambiwa wapandie kituo cha juu, kule ng'ambo ya barabara pana, baada ya kile kilima. Jumatatu dada alifika. Jumatano akaishia njiani, akarudi. Ijumaa hakwenda kabisa, na hakuniambia. Jumamosi nikamkuta amevimba uso, anahema kama mtu aliyekimbizwa, tukaishia chumba cha dharura. Daktari alitueleza bila kuzunguka: akikosa mashine tena namna hii, moyo wake hautavumilia.

Kwa hiyo siku nilipoona karatasi ya njano imefungwa kwenye nguzo ya kituo, kwamba sasa wanataka kukiondoa moja kwa moja, na hicho cha kilimani ndicho kiwe chetu, nilisimama pale nikaisoma mara mbili, basi likaja likaniacha. Chini kabisa waliandika kwamba kutakuwa na kikao cha kusikiliza maoni ya wananchi, saa kumi na mbili jioni, ukumbi wa kaunti. Kila anayetaka kusema ajiandikishe. Kila msemaji dakika mbili.

Dakika mbili, jamani! Kwetu dakika mbili hazitoshi hata kumkaribisha mgeni rasmi kwenye kiti.

Nikasema, haya, kama ni maneno, maneno ndiyo kazi niliyosomea. Nikaenda moja kwa moja kwa fundi wa mafundi. Ni yule mchungaji aliyesimama hapa jirani, mji mkuu wa Marekani, kwenye ngazi za jumba lenye sanamu kubwa ya rais ameketi, akawahutubia watu waliojaa mpaka kwenye bwawa, wakidai haki za watu weusi. Hotuba ile niliwahi kuifundisha kwa tafsiri, kidato cha tatu, ubaoni, chaki mkononi. Wanafunzi waliorodhesha tamathali za semi zote wakapata alama zao. Sikuwahi kufikiri kwamba iko siku nitaihitaji mwenyewe, kwa ajili ya basi.

Basi nikaiweka kwenye simu jikoni, nikaisikiliza nikiwa nimesimama na daftari. Nilisikiliza jioni nne mfululizo. Nikaandika: sitiari, pale anapoifananisha ahadi ya taifa na hundi iliyorudishwa na benki. Nikaandika takriri, kile kifungu kimoja anachoanzia sentensi, kisha sentensi nyingine, kisha nyingine, mpaka watu wanaanza kukisubiri. Nikaandika namna anavyoita milima na majimbo, mmoja baada ya mwingine, kila mtu asikie kwake kumetajwa. Nilipiga mistari ya rangi tatu. Nilijisikia mwalimu tena.

Dada alikuwa mezani anachambua mchele. Jioni ya pili akauliza bila kuinua kichwa, “Umesikia alivyoanza?”

“Ameanzaje?”

“Polepole. Kama hana haraka ya kufika. Ningekuwa pale ningeanza kuogopa kwamba hafiki.”

“Dada, hiyo si tamathali.”

“Haya, mwalimu.”

Jioni ya tatu nikamweleza jambo ambalo wengi hulisimulia, kwamba ile sehemu ya ndoto inayokumbukwa na dunia nzima haikuwa kwenye karatasi yake siku ile. Mwanamke mmoja mwimbaji alimpazia sauti kutoka nyuma awaambie watu habari ya ndoto, naye akaiacha karatasi. Dada akaokota kijiwe kwenye mchele, akakiweka pembeni.

“Sasa wewe mbona unaandika?” akaniuliza.

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia yeye anachambua mchele, mimi natafuta namna ya kuokoa roho yake, tusichanganye kazi. Akacheka tu. “Mwenda pole hajikwai,” akasema. Msemo huo ananiambia tangu nina miaka sita, na hata siku moja haujanipunguzia mwendo.

Hotuba yangu ilitoka nzuri, nisijifiche. Niliiandika kwa Kiswahili kwanza, ndipo nikaigeuza Kiingereza. Kifungu changu cha kurudia kilikuwa hiki: acheni basi lisimame. Acheni basi lisimame kwa ajili ya wauguzi wa zamu ya alfajiri. Acheni basi lisimame kwa ajili ya mama mwenye mapacha. Acheni basi lisimame kwa ajili ya wapishi, wafagiaji, wanafunzi. Na mwisho kabisa, sauti ikiwa imepanda, acheni basi lisimame kwa ajili ya dada yangu. Hapo ndipo ningeeleza habari ya mashine na ya daktari. Nilijipima kwa saa ya simu nikizunguka meza ya jikoni, ikawa dakika mbili barabara. Jirani yetu wa Kikenya, muuguzi, ambaye ndiye angetupeleka kwa gari lake, alisimama mlangoni akasikiliza yote, akapiga makofi. “Hapo umeua, mwalimu,” akasema.

Siku ya kikao nilivaa gauni la kanisani. Ukumbini nikaenda kukaa safu ya mbele kabisa, miguu inacheza. Nageuka, dada amekaa safu ya mwisho, kiti cha ukutani karibu na mlango, mkongojo magotini. Nikarudi hadi kule.

“Dada, njoo mbele, kuna nafasi.”

“Nimeshakaa.”

“Nitasema kuhusu wewe, nataka wakuone!”

“Wataniona. Nenda kakae.”

Nikanuna, nikarudi kwangu. Nilidhani anataka kuwa karibu na choo, au anaona haya. Nilikasirika kweli. Siku zote nne nahangaika jikoni, na yeye hata kukaa mahali nilipomwambia hataki.

Wajumbe walikuwa watano, nyuma ya meza ndefu ya juu, na ukutani nyuma yao kulikuwa na saa kubwa ya tarakimu nyekundu. Mwenyekiti alikuwa bwana mtaratibu, mwenye sauti ya kuchoka. Alitoa tangazo moja tu: ukiitwa jina, saa inaanza papo hapo, uwe umefika kwenye kipaza sauti au hujafika, kwa sababu watu wanajivuta na vikao vinachelewa. Kisha wakaanza. Bwana mwenye duka akalalamikia vumbi. Kijana wa chuo akasoma takwimu zake haraka haraka, hakuna aliyemtazama. Mimi nilikuwa nimeikunja karatasi yangu na kuikunjua mpaka ikawa laini kama kitambaa.

Nikaitwa. Nilifika kwenye kipaza sauti kabla karani hajamaliza kulitamka jina langu.

Sasa sikilizeni kilichonipata. Nilifungua mdomo ili niseme sentensi ya kwanza, nikainua macho, nikaona wakubwa watano wamekaa juu wananitazama. Nikasikia kinywa changu kinasema, kwa Kiingereza safi kabisa: Mheshimiwa mwenyekiti, waheshimiwa wajumbe wa kikao hiki, viongozi wa dini mliopo, wazee wetu, wageni waalikwa, mabibi na mabwana, itifaki yote imezingatiwa. Hakukuwa na kiongozi wa dini hata mmoja. Wageni waalikwa walitoka wapi? Lakini mimi nimelelewa kwamba mtu hawezi kusimama mbele ya wakubwa akaanza kudai kitu kama mwizi aliyevunja mlango. Unasalimu. Unamshukuru Mungu aliyetuamsha salama, nami nikamshukuru. Unamshukuru mwenyekiti kwa nafasi hii adhimu, nikashukuru. Unaleta salamu za waliokutuma, nikazileta, za jengo letu na za jengo la jirani. Unaomba radhi mapema kwa lolote litakaloenda kombo. Niliomba radhi, tena kwa kirefu.

Nilipoona tarakimu nyekundu, zilikuwa zimebaki sekunde kumi na mbili. Nikaruka aya nzima, nikapaza sauti kama niko uwanjani: acheni basi lisimame kwa ajili ya wauguzi wa zamu ya alfajiri!

Kengele ikalia.

Nikasema, acheni basi... Mwenyekiti akasema asante sana mama, muda wako umekwisha. Kipaza sauti kikazimwa. Mdomo unaendelea, sauti hakuna. Takriri ya mara moja si takriri, ni sentensi tu, na ya pili ilibaki inaning'inia, mdokezo, kama tunavyoita sentensi isiyomaliziwa. Mwanafunzi angeniandikia hivyo ningempa sifuri.

Dada yangu sikumtaja. Hata kidogo! Figo, mashine, kilima, daktari, vyote vilikuwa kwenye karatasi mkononi mwangu.

Nilirudi kitini, masikio yanawaka. Jirani yangu Mkenya akaniinamia. “Aki wewe,” akanong'ona, “umesalimia mpaka viti.” Nilitaka kumpiga na nilitaka kulia. Nilianza kuhesabu mabasi kichwani, nikafikiri kuhusu kuacha kazi, nikafikiri kuhusu kuhama, na mguu wangu ulikuwa unapiga sakafu mpaka bwana wa mbele akageuka. Nikafikiri, nimemuua dada yangu kwa adabu.

Ndipo karani akaita jina la dada.

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamtazama jirani, akatazama dari. Ndiye aliyemwandikisha, yeye na simu yake, na wala hawakuniambia. Nikageuka nyuma. Saa imeshaanza, dakika mbili zinashuka, na dada ndiyo kwanza anaushika mkongojo ainuke.

Aliinuka kwa awamu mbili kama anavyoinuka nyumbani. Kwanza mkono kwenye kiti cha mbele, kisha magoti. Akasimama kidogo, kichwa kikae sawa. Kisha akaanza kuja kwenye njia ya katikati. Mkongojo, mguu wa kulia, mguu wa kushoto ukiburuta kidogo. Mkongojo, mguu, mguu. Ukumbi ulikuwa na minong'ono, nayo ikakatika safu kwa safu jinsi alivyokuwa anazipita.

Mimi nikasimama nikamshike mkono. Alikuwa bado yuko mbali, lakini aliniona. Akasema kwa Kiswahili, bila kupaza, “Kaa.”

Nikakaa.

Katikati ya njia alisimama. Akaweka mkono juu ya mgongo wa kiti cha bwana mwenye duka, akavuta pumzi, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakumtazama mtu. Dakika moja ilikuwa imekwisha. Mjumbe mmoja aliyekuwa anaandika akaacha kuandika. Mwingine alitazama saa, akamtazama dada, akaitazama tena saa. Mwenyekiti alifungua mdomo kama anayetaka kusema kitu, akaufunga. Angeweza kumlaumu nani? Sheria ya saa ilikuwa yake.

Mkongojo, mguu, mguu. Nilikuwa nasikia uchungu mwilini, vidole vya miguu vimejikunja ndani ya viatu kama ni mimi ninayemsukuma. Kila kitu ndani yangu kilikuwa kinapiga kelele, dada, harakisha, harakisha!

Alifika zikiwa zimebaki sekunde chache, chini ya ishirini. Akakishika kipaza sauti, si kwa madaha, kwa kujishikilia. Akahema. Kila mtu alimsikia akihema, maana kipaza sauti kilikuwa wazi. Kisha akasema kwa Kiingereza chake cha kuhesabu maneno: “Kutoka mlango ule mpaka hapa, ni hivi. Kituo chenu kipya ni mara kumi ya hapa. Na kuna magari.”

Kengele ikalia. Yeye alikuwa ameshageuka.

Akaanza kurudi. Karani alikuwa na jina linalofuata mkononi, lakini mwenyekiti aliinua kiganja, na karani akangoja. Tulimngoja wote, ukumbi mzima, na saa nyekundu ikiwa imesimama kwenye sifuri, mpaka alipofika kwenye kiti chake cha ukutani na kukaa kwa awamu mbili.

Kwenye gari nilimlipukia. Sijui ilikuwa hasira au nini, machozi yalikuwa yananitoka na huku natukana taa za barabarani. “Mbona hukuniambia? Siku nne unaniona nazunguka meza kama kichaa! Ulijua kwamba utasema, ukanyamaza!”

“Ningekuambia, ungeniandikia,” akasema dada.

Jirani alicheka mpaka akakosea njia.

“Na kukaa nyuma?” nikauliza. “Hiyo nayo mlipanga?”

Jirani akakiri kwamba aliwahi kwenda kwenye kikao kama kile kwa ajili ya mambo ya kodi ya nyumba, na ndiye aliyemweleza dada kwamba saa yao inaanza mtu akiitwa. Wengine wanaosikia hivyo hukimbilia kukaa mbele. Dada aliuliza swali moja tu: ukumbi wenyewe una urefu gani?

“Yule mchungaji wako,” dada akaniambia, “nilimsikiliza na mimi. Wewe ulikuwa unahesabu anavyosema. Mimi nilikuwa nasikiliza anavyowangojesha.”

Nililitazama dirisha la gari njia nzima, nikitafuta jina la alichokifanya, maana mimi lazima nitafute jina. Kwenye orodha yangu ya kidato cha tatu halikuwemo.

Lakini si hilo lililoninyima raha wiki zile tulizongoja majibu. Kilichokuwa kinanisumbua ni kingine, na kilinijia kazini Fairfax, nikiwa nimeinama namvisha mzee soksi. Nimeishi na dada yangu chumba kwa chumba. Nimemnunulia ule mkongojo. Tukitoka pamoja, kanisani au sokoni, natangulia. Natangulia hatua ishirini, thelathini, nasimama kwenye kona, nageuka, nasema twende bwana, basi litatuacha, kisha natangulia tena. Miaka yote nimemwona akiwa anaondoka na nimemwona akiwa ameshafika. Jioni ile ukumbini, kwa sababu aliniambia “Kaa”, ndiyo mara ya kwanza nilimtazama dada yangu akitembea, tangu hatua ya kwanza mpaka ya mwisho. Wajumbe watano, karani, bwana mwenye duka na mimi, tulimwona siku ileile moja. Mimi nilikuwa mgeni kama wao.

Karatasi nyingine ya njano ikafungwa kwenye nguzo. Kituo kitabaki mpaka reli itakapokamilika, kisha suala litatazamwa upya. Kwa hiyo hatujashinda, tumeongezewa muda, na mimi na muda hatupatani. Nimeanza kuandika maneno ya kikao kijacho. Safari hii hayana salamu.

Nimebadilisha zamu ili Ijumaa niwe nampeleka. Ijumaa iliyopita tulitoka, na kama kawaida nikajikuta niko kituoni na yeye bado yuko kwenye lango la majengo. Basi likaja, mlango ukafunguka. Nikaweka mguu mmoja ngazini, mwingine chini, nikamwambia dereva kuna mtu anakuja. Dereva akauliza yuko wapi. Nikamwonyesha. Neno “harakisha” lilikuwa limeshafika kwenye meno, nalijua ladha yake. Nikaling'ata. Mkongojo, mguu, mguu, na mimi nikamtazama mpaka akafika.